Harufu ya Mtani

Osmund Mapunda alitiwa harufu Jumanne asubuhi, na aliyemtia alikuwa mtani wake, Ditrick Kihongosi, akijua fika kwamba mtu huyo hajaiba kitu.

Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hilo. Ditrick alinawa mikono, akavaa glavu, akavuta kiti cha chuma hadi chini ya taa, akamwambia Osmund afungue vifungo vya shati. Osmund akafungua. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa kifua kipana, na sauti yake ilikuwa ikisikika ng'ambo ya bonde hata anaponong'ona.

"Mhehe," Osmund alisema, "leo umenipata. Miaka yote nawaambia watu wafunge mbwa wao ukipita, kumbe ulikuwa unaninyemelea mimi."

"Tulia, Mngoni. Ukicheka sindano inapinda."

"Ipinde tu. Babu zako walituchoma mikuki, hatukufa. Itakuwa sindano?"

"Hamkufa kwa sababu mlikimbia."

"Tulikuwa tunakimbiza panya, bwana wee. Nyie mkadhani mnatukimbiza nyie."

Wakacheka wote wawili. Askari aliyesimama mlangoni hakucheka. Alikuwa mgeni Lihanda, na kwao hakuna utani wa namna hiyo. Ditrick akapapasa chini ya mtulinga wa Osmund, akapata mahali laini, akasukuma sindano. Tezi ya harufu ikaingia. Ilikuwa ndogo, kiasi cha punje ya hindi. Joto la mwili lilikuwa ndilo ufunguo wake. Ikishapata joto ilianza kuvuja taratibu ndani ya jasho, mwezi mzima, mpaka ijazwe tena.

"Tayari?" Osmund akauliza.

"Tayari."

"Mbona sisikii kitu?"

"Utasikia kabla hujafika nyumbani."

Wataalamu waliobuni harufu ile hawakutafuta iliyo kali kupita zote. Kinyesi walikiacha, na mzoga wakauacha, kwa kuwa pua huzoea. Mtu akifanya kazi machinjioni wiki moja anakula mkate wake juu ya utumbo bila kukunja uso. Wao walitaka ile ambayo pua haiizoei hata baada ya miaka kumi, na wakaipata: nyama iliyolala kwenye maji, utamu wa tunda lililooza, na chini yake kitu kingine kisicho na jina, kinachopita puani hakikai, kinashuka kooni kukaa huko. Jela, walisema, inakula na kulala na kuhitaji askari. Harufu haili wala hailali. Jamii itajilinda yenyewe. Ukutani kwa Kituo cha Utambuzi, alikofanya kazi Ditrick, kulikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya bluu: NUSA, JUA, JIKINGE.

Na aliyeamua nani anuke hakuwa mtu. Ilikuwa mashine, jina lake Mizani. Ilikuwa na macho juu ya nguzo za taa na masikio chini ya mapaa, na kanuni yake kuhusu wizi ilikuwa nyepesi hata mtoto angeielewa. Kitu kikitoka mkononi mwa mwenyewe. Mwenyewe akipiga kelele za mwizi. Aliyekichukua akaondoka nacho asikirudishe: huo ni wizi. Wizi mara tatu ndani ya mwaka, hesabu ikifungwa mwishoni mwa mwaka mtu anatiwa tezi kwa miaka kumi.

Sasa, mtani msibani anafanya nini? Anafanya hivyo hivyo. Mzee Kihongosi, baba yake Ditrick, alipozikwa, Osmund aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema hatoki mpaka Wahehe wamlipe kwa kumsumbua kuja kuzika mla mbwa. Akapewa soda, akakataa. Akapewa sahani ya nyama, akaila akiwa mle mle. Alipotoka alimpokonya Ditrick jogoo aliyeandaliwa kwa ajili ya wageni, akakimbia naye bondeni, shati linapepea, na waombolezaji wote nyuma yake wakipiga kelele, "Mwizi! Mwizi! Mngoni mwizi!" Mama yake Ditrick, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu mumewe akate roho, alicheka mpaka akashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani. Anakuja kukuibia huzuni, na kwa kuwa huzuni haishikiki, anachukua jogoo.

Osmund alikuwa mtani hodari kuliko wote Lihanda. Hakuna Mhehe aliyezikwa bila yeye. Kwa hiyo katika hesabu ya Mizani, mwaka ule mmoja, alikuwa ameiba mara kumi na nne. Jambazi wa kweli wa mji ule, aliyekuwa akivunja maduka, alikuwa na mbili.

Kulikuwa na njia ya kumwokoa. Mwenye mali angeweza kufika kituoni, akaweka kiganja kwenye kioo cha ukutani, akasema, "Nilimpa," na dai moja likianguka, hesabu yote inafutwa. Siku saba alipewa. Lakini Mizani haikubali maneno mawili ya mtu mmoja. Kama ulimpa, basi ulipopiga kelele za mwizi ulidanganya, na mwongo haajiriwi Kituo cha Utambuzi, hakopeshwi, wala haaminiwi ushahidi wake tena popote. Mkuu wa kituo, Bi. Edeltruda, alimweleza Ditrick bila hata kuinua macho kutoka kwenye chai yake.

"Wewe ni mfiwa, na wewe ni mtumishi. Chagua mmoja."

"Lakini mama, ule ni utani. Hata wewe ungeuona ungecheka."

"Mimi sijakatazwa kucheka. Mizani ndiyo haicheki."

Kioo kile kilikuwa njiani, kati ya mlango mkubwa na chumba chake. Ditrick alikipita siku zote saba. Kila siku alijiambia neno moja: mji mzima unajua ni utani. Nani atamkimbia Osmund? Watacheka miezi miwili mitatu, kisha atakata rufaa na yataisha.

*

Walimkimbia wote.

Wala haikuwa kwa ubaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchefua Ditrick kuliko ubaya wenyewe. Jumapili ile ya kwanza Osmund aliingia kanisani akakaa benchi la nyuma. Watu waligeuka, wakampungia mkono, wakamtolea tabasamu la huruma, na wakati wa mahubiri benchi lake likawa tupu, halafu la mbele yake, halafu la mbele ya hilo. Mwanakwaya mmoja alitapika ndani ya kitabu cha nyimbo. Padri alisoma misa mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na mvua. Baada ya misa walimwendea wazee wawili, leso puani, wakamwambia, "Mwanangu, tunajua huna hatia. Hatuna neno na wewe. Lakini kaa pale nje chini ya dirisha, utasikia tu." Akakaa nje. Juma lililofuata wakafunga dirisha.

Kinyozi alimwambia amevunja mkasi. Mwenye mashine ya mbao alimwambia umeme umekatika, na msumeno unasikika ukinguruma nyuma yake. Muuza duka alimwambia sabuni imekwisha, naye ameegemea katoni ya sabuni. Tumbo halijui haki. Unaweza kumweleza mtu mpaka akubali, akaapa kwa Mungu kuwa rafiki yake hana kosa, lakini huyo rafiki akisogea tumbo lake linageuka, na mtu haamini kichwa chake dhidi ya tumbo lake kwa muda mrefu.

Kandida, mkewe Osmund, alikuwa na mimba ya miezi minne. Alivumilia wiki tatu. Alilala jikoni, akaweka kitambaa chenye mchaichai usoni, ikawa hata maji hayakai tumboni. Muuguzi akamwambia mtoto hakui. Siku aliyoondoka kwenda kwa kaka zake Litumbi alisimama uani, mbali, mzigo kichwani, machozi yanatiririka.

"Hujanikosea kitu, Osmund. Nisikie vizuri. Hujanikosea."

"Basi usiende."

"Namtapika mtoto wako. Nifanyeje?"

Osmund alipiga hatua moja kumwelekea, na Kandida bila kupenda akarudi nyuma hatua mbili, akainama, akatapika juu ya viatu vyake. Kisha akajifuta, akaenda.

Ditrick alisimuliwa hayo na mkewe, Xaveria, wakiwa mezani. Xaveria alimaliza habari, akamega ugali, akasema jambo ambalo Ditrick hakulitarajia.

"Ila na mimi najiuliza. Kumi na nne ni nyingi."

"Nyingi nini?"

"Misiba yote hiyo. Mbona watani wengine hawachukui jogoo kila mara? Huyu alikuwa na mkono mwepesi tangu zamani, tulikuwa hatutazami tu."

"Xaveria, jogoo yule ulimpika wewe mwenyewe! Alimrudisha jikoni baada ya nusu saa, kupitia mlango wa nyuma, ambako Mizani haina jicho. Ukamnyonyoa wewe."

"Nilimnyonyoa," Xaveria alisema polepole, akionekana anajitahidi kukumbuka. "Lakini alikuwa yuleyule kweli?"

Ditrick akasukuma sahani. Chakula kilikuwa kimemtoka moyoni.

*

Osmund aliiba kwa mara ya kwanza mwezi wa pili baada ya kutiwa tezi, na alichoiba ni sabuni.

Alikuwa amejaribu njia zote. Alijisugua kwa magadi, kwa majivu, kwa mchanga wa mto mpaka ngozi ya kifua ikachubuka. Alikuwa akiacha mzigo wa kuni zilizopasuliwa vizuri nyuma ya duka, na kipande cha mbao chenye maandishi ya mkaa: CHUMVI NA SABUNI, TAFADHALI. Muuza duka aliziburuta kuni zile kwa reki akazitupa korongoni. Wiki ya tatu Osmund hakuacha kuni. Alipitisha mkono dirishani, akachukua mche wa sabuni, akaenda mtoni kuoga, na Mizani ikamwona kutoka nguzoni.

Bi. Edeltruda aliwaita wafanyakazi wote kituoni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Kuna watu humu walikuwa wananong'ona kwamba Mizani ilikosea. Sina haja ya kutaja majina. Leo huyo mtu wao ameiba, mchana, bila jogoo na bila msiba. Sasa na hiyo mtasema ni utani?"

Ditrick alitazama viatu vyake. Alitaka kusema kwamba ukimfunga mtu miguu usimcheke akianguka, lakini aliyefunga ni yeye, na kamba ilikuwa ya kwake. Jioni alipiga mswaki mara mbili, na ladha ile haikutoka.

Nje kidogo ya mji, kwenye kiwanda cha ngozi kilichokufa, waliishi watu waliotiwa tezi. Mji uliwaita Wanuka. Wengi wao walikuwa wezi wa kweli, na mmoja alikuwa amemtoa mtu jicho. Kule hakuna aliyemkimbia mwenzake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amebeba chake. Walimkaribisha Osmund kwa uji na maneno matamu, na haikuwachukua muda kugundua kitu ambacho Osmund mwenyewe hakuwa amewahi kukiwaza. Mtu huyu ameingia kila nyumba ya Wahehe Lihanda. Anajua nani anaficha nini uvunguni, mlango upi wa nyuma haufungi, mbwa yupi ni mkali na yupi anabweka tu. Mtani haishii ukumbini. Mtani anaingia hadi chumbani kwa marehemu.

"Sitaki," Osmund aliwaambia mwanzoni.

"Hutaki nini? Wewe umeandikwa mwizi kumi na nne. Sisi humu mwenye nyingi ana tano. Wewe ndiye mkubwa wetu, mzee."

Wakamcheka, na yeye akacheka, kwa kuwa ilikuwa miezi miwili hakuna mtu aliyekaa karibu naye akacheka.

*

Kila mwezi tezi hujazwa. Osmund alikuja mara ya tatu akiwa amekonda, ndevu zimejaa, macho yanatazama pembeni. Ditrick alikuwa amevaa barakoa yenye mkaa, lakini ile harufu ilikuwa ikipenya hata hivyo. Alikuwa amekwisha kuamua. Hakuamua kwa ushujaa. Aliamua kwa sababu alikuwa amechoka kuamka na kinyaa mdomoni, na kinyaa hicho hakikuwa cha Osmund.

Kichupa cha dawa alikimwaga kwenye sinki. Akavuta maji yaliyochemshwa. Akafunga mlango, akamchoma.

"Osmund, nisikilize. Humu nimekutia maji."

Osmund alimwangalia. Uso wake ukafunguka kidogo, kama zamani. "Mhehe, una kichaa. Maji ya mbwa?"

"Maji. Maji tupu. Baada ya siku kumi hutanuka."

"Na baada ya siku ishirini nitaota mabawa." Akaanza kucheka. "Umenipata, mtani. Hiyo nzuri. Maji!"

Hapo Ditrick aliona shimo alilokuwa amesimama pembeni yake siku zote. Tangu wajuane, miaka ishirini, hawakuwahi kuambiana neno moja la kweli moja kwa moja. Walitukanana, walidanganyana, walizikana kwa mizaha, na kila mmoja alijua kwamba chini ya uongo ule kuna mapenzi. Leo alikuwa na neno la kweli, na hakuwa na sauti ya kulisemea.

"Osmund," akasema. Akavua barakoa. Macho yakamtoka machozi kwa ile harufu, lakini hakuirudisha. "Ningeweka kiganja kwenye kioo, usingetiwa. Nilikuwa na siku saba. Sikuweka. Niliogopa kupoteza kazi yangu. Leo nimekutia maji, na nikikamatwa nitatiwa mimi. Sikutanii."

Kicheko kilikatika. Osmund akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja.

"Siku saba," akasema.

"Saba."

"Na mimi nilikuwa nawaambia watu, Mhehe wangu angeweza kitu, angefanya." Akasimama. "Siku kumi, umesema?"

"Kumi."

"Basi siku ya kumi na moja tunakwenda Litumbi kwa Kandida. Wewe na mimi. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

*

Walikwenda. Ditrick alitembea bega kwa bega na Osmund njia nzima, kwa makusudi, akivuta pumzi kwa nguvu. Alisikia jasho, moshi wa kuni, na majani ya mikaratusi waliyokanyaga. Hakuna kingine. Kweli, hakuna kingine. Lakini kila Osmund alipomgeukia kusema kitu, uso wa Ditrick uligeukia pembeni wenyewe, na mate yakamjaa. Alijilaani kimoyomoyo akaendelea kutembea.

Kaka yake Kandida ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa anachambua maharage uani. Akainuka, akaweka mkono puani, hatua thelathini kabla hawajafika.

"Shemeji, simama hapo hapo!"

"Shemeji, hodi," Osmund akasema. "Sinuki tena. Muulize mtu wa kituo, huyu hapa."

"Ni kweli," Ditrick akapaza sauti. "Mimi ndiye ninayejaza. Tezi imekauka. Njoo mwenyewe unuse."

"Kunusa nini? Inanifikia hapa! Mwenye pua hahitaji kuambiwa."

Kandida akatoka ndani, tumbo limekua, mkono mmoja kiunoni. Alimwangalia mumewe, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa mzuri sana. Osmund akamwendea polepole, mikono imefunguka, kama mtu anayemkaribia ndege. Akafika hatua tano, tatu. Kandida alikuwa akijaribu. Mtu yeyote angeona kwamba anajaribu. Alikaza meno, mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akageuka, akashika nguzo ya kibaraza, akatapika maharage na maji, akatapika mpaka hakuna kitu, akaendelea.

"Mama Maria, nisamehe," alikuwa akisema katikati. "Nisamehe. Bado, Osmund. Bado ipo."

Kaka akaokota mchi. Ditrick akamshika Osmund mkono kumvuta, na ngozi yake ilipogusa ngozi ile, mkono wake mwenyewe ukaruka nyuma kabla hajaukataza. Osmund aliona. Akautazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono.

"Ulisema maji."

"Ni maji. Naapa."

"Basi si dawa inayonuka," Osmund alisema, bila hasira yoyote. "Ni mimi."

*

Ghala la dawa la Lihanda lilikuwa na mlango-pua. Milango ile ilikuwa imefungwa kila mahali penye kitu cha thamani: Mnuka akikaribia, mlango unasikia dawa iliyo kwenye jasho lake, unajifunga na kupiga king'ora. Kwa ajili hiyo ghala zima lilikuwa na mlinzi mmoja tu, mzee Liborius Haule, na rungu lake, na redio yake.

Osmund alikuwa amerudi kiwandani kwa Wanuka, nao waligundua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba milango haimsikii Osmund. Alipita dukani mara moja kwa bahati, taa ikabaki ya kijani. Wakamwambia, wewe umepewa na Mungu. Jumamosi jioni, mji mzima ukiwa umejazana kutazama mpira, Osmund aliingia ghalani kwa mlango wa mbele. Taa ya kijani. King'ora kimya. Alitakiwa aende nyuma akatoe komeo la lango la mizigo, wenzake waingie. Hilo tu.

Mzee Liborius alisikia hatua, akageuka. Aliona mtu ameingia na mlango haukulia, basi akajua ni mtu safi. Akatabasamu, akaanza kusema, "Karibu, tumefunga, ila..." Halafu mwanga ukampiga yule mtu usoni, akamtambua.

Akaziba pua.

Haya Osmund mwenyewe ndiye aliyemsimulia Ditrick, kupitia matundu ya chumba cha mahabusu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ditrick naye alikuwa amekwisha kukamatwa. Walikuwa vyumba vya jirani.

"Mkewe nilimzika mimi," Osmund alisema. "Nililala kaburini kwake. Yule mzee alicheka siku ile, akanipa kofia yake."

"Nakumbuka."

"Mlango haukusikia kitu, Ditrick. Mlango una pua kuliko mtu. Ulikaa kimya. Na yeye alikuwa ananikaribisha vizuri tu, anacheka. Aliponijua ndiyo akaziba. Nikamwambia, toa mkono, mzee. Akakaza. Nikamwambia mara ya pili, toa mkono. Akaanza kutapika. Nikachukua lile rungu."

"Basi. Basi, Osmund."

"Nilitaka tu autoe mkono."

Asubuhi Bi. Edeltruda alikuja na chai yake kikombeni. Alikuwa amekwisha kupima tezi ya Osmund, akakuta maji, akahesabu nyuma akajua ni tarehe gani na zamu ya nani. Alisimama mbele ya Ditrick bila chuki. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwangalia kama fundi anavyoangalia waya ulioungua.

"Umeona sasa uliyemfungulia mlango? Mizani ilimjua mtu huyu kabla yeye hajajijua."

"Mizani haikumjua. Ilimtengeneza. Na mimi ndiye niliyeshika sindano."

"Maneno hayo yana maana gani kwa mzee Liborius?"

Harufu ya chai ile, tangawizi na maziwa, ilimpanda Ditrick puani, akainama kwenye ndoo ya kona.

*

Gharama yake ilikuwa hii.

Mzee Liborius Haule alizikwa Jumatatu. Wajukuu wanne aliokuwa akiwalea waligawanywa kwa ndugu, wawili Lihanda, mmoja Litumbi, mmoja mbali, na hawajakutana wote wanne tangu hapo.

Osmund Mapunda alifungwa maisha. Gerezani amewekwa chumba cha peke yake, kwa kuwa wafungwa wenzake wanasema ananuka. Tezi ilikwisha kutolewa.

Kandida alijifungua mtoto wa kiume, mzima. Hajapelekwa kumwona baba yake. Amepewa jina la ukoo wa kaka zake, na jirani wakimbeba hunusa kwanza utosi wake, wakidhani mama haoni.

Wanuka saba wa kiwanda cha ngozi walihamishwa kambini. Wawili kati yao walikuwa wametiwa kwa utani wa msibani, kama Osmund. Hakuna aliyekwenda kuwasemea kwenye kioo.

Matanga ya Lihanda hayana watani tena. Hakuna anayethubutu kugusa hata kijiko cha mtu. Watu wanazika, wanakula wali, wanakwenda zao. Mama yake Ditrick alipokufa mwaka uliofuata kaburi lake lilijazwa udongo kimya kimya, mpaka mwisho.

Ditrick aliangalia kutoka juu ya kilima, mbali, upande ambao upepo ulikuwa ukitoka kwa watu kwenda kwake. Alikuwa ametiwa tezi Jumanne moja, na fundi mgeni ambaye hakumtania wala hakumwambia neno. Kazi amepoteza, na nyumba, na Xaveria aliondoka wiki ya pili. Akiba yake ya machozi haikupotea, lakini halii tena mbele ya watu. Hawezi kuwasogelea kiasi hicho. Amebakiwa na miaka tisa kati ya kumi.